Mkono Ulioshinda Katika Nchi ya Miguu

Mtu wa pwani akisikia jina la Awendo, kitu cha kwanza kimjiacho ni sukari. Wengi wetu hatujafika huko, lakini kwa miaka mingi tumetia chai yetu sukari ya kule pasi na kujua imepitia mikono ya nani. Mimi nami nilikuwa mmoja wao, hata nilipoalikwa na kijana wetu mmoja asomeshaye madrasa katika mji huo. Nikatoka Mombasa kwa basi la asubuhi, nikalala Nairobi kwa jamaa, na siku ya pili alasiri nikashuka Awendo, katika ile barabara itokayo Kisii kwenda Migori hadi mpaka wa Tanzania.

Nilikwenda kwa ajili ya kijana wetu na wanafunzi wake. Sikujua kwamba nitarudi na kisa cha bingwa ambaye hata si wa Awendo, na ambaye sisi watu wa bahari tumemtaja mara chache mno katika mabaraza yetu.

NGUVU ZISIZO NA JINA

Awendo ni mji wa miwa. Kiwanda cha South Nyanza, ambacho kila mtu hukiita Sony, kiliundwa mwaka 1976 na kikaanza kusaga miwa mwaka 1979. Kabla ya hapo palikuwa ni kituo kidogo cha njiani, na kiwanda ndicho kilichopafanya mji. Ukitoka nje ya maduka hatua chache, macho hayaoni ila miwa, kijani kibichi kilicholala juu ya vilima mithili ya busati.

Asubuhi yangu ya kwanza, mwenyeji wangu alinichukua kutazama kazi ya mavuno. Wakataji walikuwa wameingia shambani tangu alfajiri na mapanga yao. Nyuma yao walifuata wapakizi. Mashine za kupakia zipo, lakini si kila shamba zifikalo, na pale zisipofika kazi ni ya bega la mwanadamu. Nilimtazama kijana mmoja, mwembamba wa kiuno, mpana wa kifua. Aliinama, akaukumbata mzigo wa miwa, akauinua hadi begani kwa mwendo mmoja, akapanda ubao uliolazwa kwenye tela, akautupa ndani. Akashuka. Akarudia. Nikajaribu kuhesabu mizigo yake, na nilipofika arubaini nikachoka mimi niliyekaa kivulini.

Nikamwambia mwenyeji wangu: “Huyu lau angezaliwa Bulgaria au Uturuki, leo angelikuwa na medali shingoni.” Nilikuwa namkumbuka Naim Süleymanoğlu, yule Mturuki aliyezaliwa Bulgaria, mfupi wa kimo, ambaye mwaka 1988 katika Olimpiki ya Seoul aliinua juu ya kichwa chake kilo 190, ilhali yeye mwenyewe alikuwa akishindana katika daraja ya kilo 60. Uzani uliozidi mara tatu ya mwili wake!

Kijana wetu akacheka kidogo, akanijibu: “Nguvu tunazo, Ami. Anayezitazama ndiye hatuna.”

Maneno hayo yalinikaa. Nasi watu wa kalamu tu wepesi wa kumsifu bingwa akishasimama juu ya jukwaa, bendera inapanda na wimbo unapigwa. Lakini kabla ya jukwaa huwapo shamba, na katika shamba huwamo watu mia wenye nguvu sawasawa na zake. Ni kitu gani kinachomtoa mmoja wao pale na kumfikisha kule? Hilo ndilo swali nililolibeba siku zangu zote za Awendo.

Jioni nikapata mlango wa jawabu. Karibu na nyumba niliyofikia pana uwanja wa majani, na vijana hukutana hapo baada ya kazi. Wengi walikuwa wakicheza mpira, kama ilivyo kila mahali. Lakini kandoni walikuwako watatu waliokuwa wamechonga fimbo ndefu, wameinyoosha kwa moto na kuifunga uzi katikati pa kushikia. Walikuwa wakikimbia na kuirusha kwa zamu, kisha wanapima kwa hatua. Nikasogea. Mmoja wao, ambaye kumbe ndiye yule mpakizi wa asubuhi, akanisalimu kwa adabu, akaniuliza: “Mzee, wewe ni mtu wa magazeti. Ni kweli Yego alianza na fimbo kama hii?”

KISA CHA MKUKI NA KIVULI

Kabla ya kumjibu kijana yule, nataka kumkumbusha msomaji jambo moja la ajabu.

Wajaluo wana shujaa wao wa kale, Luanda Magere, mtu wa Kano, upande wa pili wa ghuba. Wazee husimulia kwamba mwili wake ulikuwa jiwe, na mikuki ya maadui ikimgonga ilikuwa ikianguka chini. Maadui hao walikuwa Lang'o, yaani Wanandi na jamaa zao. Waliposhindwa kwa vita wakatumia hila, wakampa binti mzuri amuoe. Siku moja Magere aliugua, akamwagiza mke yule achanje kivuli chake badala ya mwili ili ampake dawa. Mke akachanja kivuli, akaona damu inatoka. Usiku akakimbia kwenda kwao na habari hiyo. Vita vilipozuka tena, mkuki wa Lang'o ulirushwa kwenye kivuli cha Magere, naye akaanguka na kugeuka jiwe.

Mtu wa pwani asikiaye kisa hicho hana budi kumkumbuka Fumo Liyongo wetu. Naye alikuwa na nguvu ambazo hazikupata kifani, hapenywi na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Naye alisalitiwa na aliyempenda, mwanawe wa kumzaa, aliyedanganywa na mfalme wa Pate kwa ahadi ya kuozwa binti. Na naye alipochomwa hakuanguka kama mti. Alichukua uta wake, akaenda kisimani, akapiga goti na mshale umeelekezwa mbele, akafa hali hiyo, na watu wakaogopa kuteka maji siku nyingi wakidhani yu hai.

Basi tazama sasa mzunguko wa dunia. Katika kisa cha Wajaluo, mkuki wa Mnandi ndio uliomuua shujaa wao. Na leo, jioni ya Awendo, vijana wa Kijaluo wanachonga mikuki ya fimbo kwa kumpenda Mnandi mmoja, Julius Yego. Mkuki ni ule ule, ila umeacha kuua.

KIJANA WA NANDI

Nilimjibu kijana yule kwamba naam, ni kweli. Yego alianza na fimbo.

Alizaliwa tarehe 4 Januari 1989 katika milima ya Nandi, nchi ambayo mtoto huzaliwa na kuambiwa kwamba miguu yake ni mali. Kutoka Nandi na majirani zake ndiko walikotoka wakimbiaji walioijulisha Kenya duniani tangu siku za Kipchoge Keino. Mtoto wa huko asiyejua kukimbia ni kama mtoto wa Lamu asiyejua kuogelea. Yego alijaribu mbio, lakini hakuwa na mbio za kutajika. Alichokuwa nacho ni mkono. Akachonga vijiti, akavirusha, na shule ikaona kwamba vijiti vyake vinakwenda mbali kupita vya wenzake.

Hapo ndipo penye taabu. Kenya ilikuwa na walimu wa mbio katika kila kilima, lakini mwalimu wa mkuki alikuwa adimu kama theluji Malindi. Kijana akafanya jambo ambalo baadaye lilimpa jina la utani duniani kote. Alikwenda kwenye duka la kompyuta, akalipia dakika zake, akafungua YouTube, na akawatazama mabingwa wa Ulaya: Jan Železný wa Jamhuri ya Cheki na Andreas Thorkildsen wa Norway. Alitazama wanavyoshika, wanavyokimbia, wanavyopinda mgongo, wanavyoachia. Kisha akarudi uwanjani kuyafanya aliyoyaona. Ndiyo sababu wakamwita Bwana YouTube.

Wengine huishia hapo, wakasema: mwaona, mtu hujifunza peke yake, hana haja na mtu. Hayo si kweli, na ni vyema vijana wasidanganywe nayo. Sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba mtu aweza kujua herufi kwa kuzitazama, lakini makhraji huyapata kinywani mwa mwalimu. Yego alijifungulia mlango, lakini kuna watu waliompokea ndani. Polisi ya Kenya ilimwajiri na kumpa nafasi ya kufanya mazoezi. Na baada ya kupata shaba katika ubingwa wa Afrika uliofanyika Nairobi mwaka 2010, na dhahabu katika Michezo ya Afrika ya Maputo mwaka 2011 kwa mita 78.34, shirikisho la riadha la dunia lilimpa nafasi ya kwenda Kuortane, Finland, nchi ambayo mkuki kwao ni kama ngoma ya Maulidi kwetu. Huko akakutana na mwalimu Petteri Piironen, aliyemsahihisha yale ambayo kioo cha kompyuta hakiwezi kumsahihishia mtu.

SI MKONO PEKE YAKE

Pengine msomaji atauliza, kurusha mkuki nako ni mchezo wa nguvu? Mkuki wa wanaume una gramu 800, haufiki kilo moja. Mtoto aweza kuubeba.

Uzito wake si kitu. Shida iko katika kuufanya uende. Mrushaji hukimbia, na anapokaribia mstari hugeuza kiwiliwili upande, miguu inapishana, mkono umenyooshwa nyuma. Kisha mguu wa mbele hukita chini kama nguzo. Mbio zote alizokuja nazo husimama ghafula katika mguu huo, na nguvu haina pa kwenda ila juu: kutoka gotini hadi nyongani, kutoka nyongani hadi kifuani, kifuani hadi begani, begani hadi kiwikoni, na mwisho katika vidole. Yote hayo ni chini ya kufumba na kufumbua. Mwenye mkono mkubwa na mguu dhaifu hafiki mbali. Ndiyo maana mabega, magoti na vifundo vya warushaji huumia kila siku, kwani mwili mzima hugeuzwa kuwa upote wa uta.

Na Yego si jitu. Kimo chake ni kiasi cha mita 1.75, na mara nyingi akisimama na wapinzani wake wa Ulaya huwafika mabegani. Alichokosa kwa urefu amekifidia kwa kasi na kwa kujitoa mzima mzima. Akiachia mkuki, huufuata kwa mwili wake wote na kuanguka kifudifudi, viganja vimetangulia chini, kama mtu aliyejitupa majini. Anayemtazama mara ya kwanza hudhani amejikwaa.

Katika Olimpiki ya London mwaka 2012 aliingia fainali na kumaliza wa kumi na mbili, jambo ambalo hakuna Mkenya aliyewahi kulifanya katika mkuki. Mwaka 2013 kule Moscow, katika ubingwa wa dunia, alirusha mita 85.40 na kuishika nafasi ya tatu hadi raundi ya mwisho. Mrusi Dmitri Tarabin, mbele ya watu wa kwao, akarusha mita 86.23 na kumnyang'anya shaba mkononi. Mtu mwingine angalilia. Mwaka 2014 Yego alichukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow na ubingwa wa Afrika mjini Marrakech.

SIKU YA BEIJING

Tarehe 26 Agosti 2015, mjini Beijing, fainali ya dunia. Mapema mwaka ule, kule Birmingham, Yego alikuwa amerusha mita 91.39, kwa hivyo wajuzi walikwisha mtia katika hesabu zao. Hata hivyo, raundi mbili za kwanza hazikumpa kitu cha kutajwa.

Raundi ya tatu alikimbia, akakita mguu, akaachia, akaanguka kifudifudi kama kawaida yake. Mkuki ukapanda, ukalala hewani, ukakataa kushuka. Ulipogusa chini ulikuwa umekwenda mita 92.72. Tangu mwaka 2001 hakuna mtu duniani aliyewahi kuurusha mkuki mbali namna ile. Katika historia nzima ya mkuki wa mtindo mpya, ni wawili tu waliokuwa wamempita: Železný, mwenye rekodi ya dunia ya mita 98.48 aliyoiweka mwaka 1996, na Aki Parviainen wa Finland. Nasema mkuki wa mtindo mpya kwa sababu mwaka 1984 Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki alirusha mita 104.80, na wakubwa wa mchezo wakaogopa kwamba iko siku watazamaji watachomwa. Ndipo mwaka 1986 uzito wa mkuki wa wanaume ukasogezwa mbele ili uiname na kushuka mapema.

Na wa pili siku ile alikuwa nani? Ihab Abdelrahman wa Misri, kwa mita 88.99. Wafini, Wajerumani na Wacheki, wenye mchezo wao, wote nyuma ya Waafrika wawili, mmoja wa mto Nile na mmoja wa milima ya Nandi.

Kenya ilimaliza mashindano yale ikiwa ya kwanza duniani kwa dhahabu saba, lakini dhahabu ya Yego ilikuwa na rangi yake. Hakuna Mkenya aliyewahi kuwa bingwa wa dunia kwa kurusha wala kwa kuruka. Nchi iliyojulikana kwa miguu ilikuwa imepata mkono.

SINDANO YA SHABA

Kila shujaa ana sindano yake ya shaba. Ya Liyongo ilishikwa na mwanawe, na siri ya Magere ilitolewa na mkewe. Ya mchezaji wa nguvu hushikwa na mwili wake mwenyewe, ule ule uliompandisha.

Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, mrusho wa kwanza wa Yego ulikwenda mita 88.24, naye akaongoza. Katikati ya mashindano mguu ukamsaliti. Akakaa kando akiwatazama wenziwe wakirusha, yeye hawezi tena kujibu. Raundi ya tano Mjerumani Thomas Röhler akafika mita 90.30. Yego alibaki na fedha, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya katika michezo ya kurusha na kuruka. Ni medali kubwa. Lakini mtu akae akitazama ushindi unamtoka na mkono wake bado mzima, hiyo nayo ni adhabu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya majeraha na ya kusahauliwa. Alipata ubingwa wa Afrika mwaka 2018 na dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Rabat mwaka 2019 kwa mita 87.73, lakini katika mashindano makubwa ya dunia jina lake likawa linasomwa chini. Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, hakuvuka hata raundi ya kufuzu. Mabaraza yakanyamaza. Wapo waliosema amekwisha, ilikuwa bahati ya siku moja.

Awendo wanayajua maneno hayo. Timu yao ya kandanda, Sony Sugar, ilikuwa bingwa wa ligi ya Kenya mwaka 2006, mji mzima ukakesha. Mwaka 2019 timu hiyo hiyo ilitolewa ligini baada ya kukosa kufika uwanjani mara tatu. Haikupungukiwa na vijana wenye nguvu. Kilichopungua ni vile vinavyoizunguka nguvu: fedha, usafiri, na watu wa kuisimamia. Nilipoutaja mwaka 2006 kwa kinyozi mmoja wa pale sokoni, alisimamisha mkasi, akatazama nje, kisha akaendelea kunyoa bila ya kusema neno.

MKUKI UMERUDI

Chuoni tulihadithiwa habari za Rukana, mpiga mieleka wa Makka ambaye hakuna aliyemweza hadi alipoangushwa na Mtume, rehema na amani zimshukie. Na tukafunzwa pamoja na kisa hicho kwamba kumwangusha mwenzio si mwisho wa nguvu, kwani iko kazi kubwa zaidi ya kuishinda nafsi. Mimi naiona kazi hiyo katika sehemu ya pili ya maisha ya Yego kuliko katika siku ya Beijing.

Hakuacha. Mwaka 2022 alikuwa bingwa wa Afrika tena, na Birmingham akapata shaba ya Jumuiya ya Madola kwa mita 85.70. Mwaka 2024 akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra na ubingwa wa Afrika mjini Douala. Kisha ikaja fainali ya Olimpiki ya Paris, Agosti 2024. Yego, umri miaka 35, akarusha mita 87.72 na kuwa wa tano. Alikuwa amekaribia mno mrusho wake wa fedha wa Rio, miaka minane nyuma, lakini safari hii haukumpa medali, maana dunia ya mkuki ilikuwa imekua.

Na aliyeshinda Paris ni mtu ambaye msomaji wetu atapenda kumjua. Ni Arshad Nadeem wa Pakistan, mtoto wa mjenzi wa nyumba kutoka kijiji cha karibu na Mian Channu katika Punjab. Miezi michache kabla ya michezo ile alikuwa akisema hadharani kwamba mkuki wake umechakaa na hana mwingine wa kiwango cha dunia. Alipata, akaenda, akarusha mita 92.97, rekodi ya Olimpiki, na kuipa nchi yake dhahabu yake ya kwanza kwa mtu mmoja mmoja. Baba mkwe akamtunza nyati wa maziwa, zawadi ya heshima kwao. Ukipima, utaona mrusho wa Arshad unaupita wa Yego wa Beijing kwa sentimita 25 tu, urefu wa kiganja na kidogo. Watu wawili waliotoka mahali ambapo mkuki haukuwa na mwalimu wala soko, na kati yao ni kiganja!

Septemba 2025, katika ubingwa wa dunia kule Tokyo, mji ule ule uliomtoa mapema miaka minne nyuma, Yego aliingia fainali akiwa na miaka 36 na kumaliza wa sita kwa mita 85.54. Siku hiyo Arshad mwenyewe, bingwa wa Olimpiki, alikuwa nyuma yake. Gazeti huandika wa kwanza. Mimi niliikata habari ya wa sita nikaiweka katika kitabu changu.

JIONI YA MWISHO

Hayo yote nilimsimulia kijana wa Awendo, si kwa siku moja, ila kwa jioni tatu. Alikuwa akisikiliza huku akiigeuzageuza fimbo yake. Nilipomaliza hakuniuliza habari za medali. Aliuliza: “Na alipoumia, mshahara wake uliendelea?”

Ewe msomaji, swali hilo lina akili kuliko makala nyingi. Mpakizi wa miwa hulipwa kwa alichopakia. Akiumia bega leo, kesho hana chakula. Kumwambia mtu wa namna hiyo afuate ndoto yake, kisha tukageuka kwenda zetu, ni kumfanyia dhihaka. Nilimjibu kwa ukweli: Yego alikuwa askari polisi, na ajira ndiyo iliyomsitiri siku za jeraha. Fimbo ilimwanzisha, kompyuta ikamfundisha, lakini mwajiri, mwalimu na tabibu ndio waliomfikisha. Wewe una fimbo, nikamwambia, na mkono unao. Vilivyobaki haviko mikononi mwako peke yako.

Sikutaka kumpa matumaini ya uongo, wala sikutaka kumvunja. Nchi hii ina wakufunzi wengi wa mbio, na ni haki yao, maana mbio zimetulisha sifa. Lakini miaka zaidi ya kumi tangu Beijing, mtoto wa Awendo bado anachonga fimbo kama alivyochonga mtoto wa Nandi. Mkuki mmoja wa kweli katika shule ya kila tarafa, na mwalimu mmoja ajuaye kuufundisha, si gharama ya kuvunja hazina ya kaunti. Na sisi wa pwani tusijitoe. Mikono ivutayo nyavu Vanga na Faza, na mikono ichukuayo magunia bandarini, nayo haijapata wa kuitazama.

Jioni ile ya mwisho kijana alirusha mara sita, kama wafanyavyo katika fainali. Kijana wetu wa madrasa akapima kwa hatua zake na kuandika katika daftari la mahudhurio, ukurasa wa nyuma. Mrusho wa sita ndio uliokuwa bora. Alipourusha alianguka kifudifudi, na wenziwe wakacheka, lakini yeye aliinuka akijifuta majani kifuani na kwenda kuitafuta fimbo yake gizani.

Asubuhi, basi langu lilipita kando ya shamba. Alikuwa keshaanza kupakia. Nami njiani, kabla ya kufika Kisii, nikaiandika beti hii:

Mkono ulo na nguvu, hauombi kusifiwa,
Huanza kwa utulivu, wala hujatambuliwa,
Hupata jeraha, kovu, na sifa ikapunguwa,
Bali kovu si ubovu, mkuki huinuliwa.